Psycho II: Sehemu ya Pili Iliyonyimwa Heshima Yake

Haya, ndugu watazamaji, karibuni tena. Leo nina Psycho II, ya mwaka 1983, na nasikia baadhi yenu mmeshaanza kuguna: kwani Psycho ilihitaji sehemu ya pili? Mnalo swali halali. Ya kwanza, ile ya Alfred Hitchcock ya 1960, ni filamu ambayo hata asiyeiona anaijua ile sauti ya violini inayokwaruza bafuni. Kuigusa ni kujitafutia matusi.

Matusi yalikuja kweli. Pesa nazo zilikuja: kwa Marekani peke yake iliingiza zaidi ya dola milioni 30, kwa hiyo msiniambie ilikosa watu. Ilichokosa ni heshima. Mpaka leo mtu akitaja filamu bora za mauaji ya kisu, hii hairuki mdomoni mwake, na kwangu mimi huo ni uonevu.

Tuwekane sawa kabla sijaendelea. Ya sehemu ya kwanza nitayasema wazi. Ya hii nitasimulia mwanzo na katikati kidogo. Mwisho siugusi, asije mtu akasema nimemharibia uhondo.

Miaka 22 imepita. Norman Bates, yuleyule muuaji wa ile ya kwanza aliyeua akiwa amevaa nguo za mama yake aliyekufa, akichezwa na Anthony Perkins yuleyule, anasimama mahakamani na kuambiwa akili yake imepona, aende nyumbani. Mahakamani humo yumo Lila, dada yake Marion aliyeuawa bafuni, na yeye pia ni Vera Miles yuleyule. Lila amekuja na karatasi zenye saini za watu wanaopinga, anapiga kelele. Na hapa angalieni ujanja wa mwandishi, Tom Holland: mwenye haki ya kukasirika ni Lila. Dada yake amekufa. Lakini sisi tumeshaanza kumwonea huruma Norman.

Anarudi kwenye nyumba ile ya kilimani, anapata kazi ya kusaidia jikoni kwenye mkahawa, na huko anakutana na Mary, mhudumu kijana asiye na pa kulala. Meg Tilly ndiye anayemcheza, kwa utulivu fulani ambao mwanzoni utaudhania ni uigizaji mdogo. Subirini. Norman anamkaribisha. Halafu vinaanza kuja vikaratasi vilivyoandikwa na Mama. Simu inaita, na anayepiga ni Mama. Mama aliyekufa zamani, mnaelewa?

Sasa kumbukeni hali ya sinema wakati ule. Friday the 13th ilikuwa imefika sehemu ya tatu mwaka uliotangulia. Mtazamaji alishazoea: vijana wanaingia porini, wanajificha kufanya mapenzi, muuaji anawapitia mmojammoja, na ukumbi mzima unashangilia kila anayeanguka. Mimi sizidharau hizo, nazipenda. Ila kazi yako pale ni kungoja damu. Psycho II inakugeuza kabisa. Hapa unakaa kwenye kiti ukimwombea muuaji asiue. Unataka apone. Unataka watu wamwache afanye kazi yake, ale, alale. Kila kisu kinapoonekana kwenye picha hofu yako si kwamba atamchoma mtu, ni kwamba atarudi kuwa yule wa zamani na hakuna atakayeweza kumtoa tena huko.

Mfano ni usiku ule Norman na Mary wanapokula sandwichi. Kama umeiona ya kwanza utakumbuka Marion naye alikula sandwichi ya Norman, na muda mfupi baadaye akaingia kuoga. Basi hapa kisu kinahitajika mezani, na Perkins anafanya kitu kwa uso wake ambacho siwezi kukieleza vizuri. Anasita, ulimi unagoma, anatabasamu kama mtoto aliyeshikwa na kosa. Hakuna muziki wa kutisha, hakuna kivuli nyuma ya mlango, ni mtu tu anaogopa kisu cha jikoni kwake. Baadaye Mary anaingia kuoga, na mwongozaji anapanga picha zake zifanane na zile za 1960 kwa makusudi, akijua unachokingoja. Huyo amekucheza, na unastahili kuchezwa!

Mwongozaji ni Richard Franklin, wa Australia, mpenzi wa Hitchcock tangu ujana wake. Akiwa mwanafunzi Marekani alimwalika mzee huyo aje kuzungumza chuoni kwao. Mtayarishaji, Hilton Green, alikuwa msaidizi wa Hitchcock kwenye ile ya kwanza. Kamera yuko Dean Cundey, aliyepiga picha za filamu ya kutisha Halloween ya 1978, na anaipiga nyumba ile kutoka juu na kutoka chini mpaka unahisi inamtazama Norman. Kwenye muziki, Jerry Goldsmith hakushindana na Bernard Herrmann, mtunzi wa muziki wa ile ya kwanza. Ameweka wimbo mpole, wa huzuni, na huo ndio unaokuambia hii ni filamu ya mtu mpweke.

Kasoro zipo. Vijana wawili wanaingia chini ya nyumba kufanya mambo yao, na unaona wazi kwamba kuna mtu alisema, "Tuwekeeni na ya kisasa kidogo." Kuna kifo kimoja cha kisu ambacho vifaa vyake vya bandia vinaonekana bandia kweli. Na kuelekea mwisho mafumbo yanarundikana, huyu kumbe ni fulani, yule kumbe ni nani, mpaka unatamani kusimamisha upange watu kwa mstari. Lakini zile dakika za mwisho kabisa, pale jikoni, nasema tena sizigusi. Zitazame mwenyewe, na msiwe mnakula.

Ushauri wangu wa kuitazama: anza na ya 1960, hata kama unaijua, halafu hii usiku huohuo au kesho yake. Franklin anaifungua na tukio lile la bafuni kwa nyeusi na nyeupe, kisha rangi inaingia taratibu kwenye picha ya nyumba, na hilo lina ladha tofauti kama umetoka kuiona ya kwanza. Sehemu ya tatu, ya 1986, Perkins aliiongoza mwenyewe, nitaifanyia video yake. Haifikii hii.

Ukimaliza, niandikie hapo chini: ulimwamini Norman mpaka wapi?