Uzoefu wangu na Quick Cryptic ya The Guardian: jibu bila sababu halinitoshi

Ukifungua ukurasa wa mafumbo wa gazeti la Uingereza ukakuta sentensi inayosomeka vizuri kabisa lakini hujui inauliza nini, basi umekutana na kriptiki. Si fumbo la maneno la kawaida, lile la "mji mkuu wa Ufaransa, herufi 5". Kidokezo cha kriptiki hukupoteza njia makusudi, ila hukupoteza kwa kufuata kanuni. Mimi hufumbua Quick Cryptic, fumbo dogo ambalo gazeti la The Guardian lilianza kulitoa kila Jumamosi mwaka 2024, na naandika kwa ajili ya msomaji wa Kiswahili mwenye Kiingereza cha kutosha anayejiuliza kama mchezo huu utamfaa. Kwangu unafaa sana, kwa sharti moja: kidokezo usikihesabu umekifumbua mpaka uweze kueleza kila neno lake linafanya kazi gani.

Bila kujua kidokezo kinavyojengwa, tathmini yangu haitaeleweka, kwa hiyo nianzie hapo. Karibu kila kidokezo kina sehemu mbili zilizoshonwa pamoja zikaonekana sentensi moja. Moja ni fasili ya jibu, kama ungeikuta kwenye kamusi, na hukaa mwanzoni au mwishoni, haikai katikati. Iliyobaki ni mchezo wa herufi unaokufikisha kwenye jibu lilelile kwa njia ya pili. Namba ya mwisho ni idadi ya herufi. Mifano ifuatayo nimeitunga mwenyewe kwa Kiswahili, kwa kanuni zilezile.

"Samaki wavurugika msimu wa mvua kubwa (6)."

Ukiisoma kama habari, unaona maji yamefurika na samaki hawajui waende wapi. Achana na picha hiyo, imewekwa pale ikuteke. Fasili ni "msimu wa mvua kubwa". "Wavurugika" ni agizo: vuruga herufi za neno lililo jirani. Neno lenyewe ni "samaki", na herufi zake zikipangwa upya zinatoa MASIKA. Herufi hizohizo zinatoa pia "kamasi", lakini kamasi si msimu, na hapo ndipo unapoona kazi ya fasili. Njia mbili zikikutana kwenye neno moja, unajua umefika. Huhitaji kumuuliza mtu wala kungoja majibu ya kesho.

Sasa hiki: "Maji ya chumvi yamo ndani ya shaba, hariri (6)." Hapa hakuna cha kupanga upya. Soma "shaba, hariri" bila kujali koma, uone BAHARI imekaa katikati, kuanzia herufi mbili za mwisho za neno la kwanza. Kidokezo kimekwambia wazi kwamba yamo ndani. "Aibu kurudi nyuma kwenye ushirika wa biashara (4)" nacho kinakutaka usome "aibu" kutoka kulia, upate UBIA. "Mchezo si pahala pa kuandika (8)" ni kuunganisha vipande: mchezo ni karata, neno "si" linabaki kama lilivyo, na pamoja yanakuwa KARATASI. Ninachokipenda kuliko vyote ni kile kisicho na ujanja wowote wa herufi: "Mnyama juu ya nyumba (3)". Ni fasili mbili zilizowekwa ubavuni kwa ubavu, na zote ni PAA.

Quick Cryptic inastahili sifa kwa sababu haikurushi kwenye maji marefu. Juu ya fumbo kuna maelezo mafupi yanayotaja aina chache za vidokezo zilizotumika humo, kila moja na mfano wake. Kwa hiyo unapokwama hukwami gizani. Unajua kidokezo hiki ama ni anagramu (herufi za kupangwa upya), ama neno limefichwa, ama ni fasili mbili, na unajaribu mlango mmoja baada ya mwingine. Gridi yake, yaani miraba ya kuandikia majibu, ni ndogo kuliko ile ya kawaida ya 15 kwa 15, na mimi huifungua kwenye kivinjari cha simu bila kulipia.

Vitufe vyake navyo vina kazi. Kipo cha kuhakiki, kinachofuta herufi zisizo sahihi na kuziacha zilizo sahihi. Kipo cha kufichua, kinachokujazia jibu. Na kuna kisaidizi cha anagramu: unaandika herufi zako, unazichanganya, zinatawanyika kwenye skrini bila mpangilio wa zamani. Hicho cha mwisho nakithamini mno. Neno likiwa mbele yako kama lilivyoandikwa, jicho linalisoma vilevile kila mara, na ni mpaka uzitawanye herufi ndipo unaacha kuliona neno ukaanza kuona herufi.

Kufichua nakutumia kwa utaratibu. Nikibonyeza, siendi kidokezo kingine hadi nimetembea kinyumenyume kutoka kwenye jibu: fasili iko wapi, agizo ni neno gani, herufi zimetoka wapi, na je, kuna neno lililobaki bila kazi? Likibaki, maelezo yangu hayajakamilika hata kama jibu ni sahihi. Kipimo hiki cha neno lililobaki ndicho kilichonifundisha zaidi ya kitu kingine chochote, kwa sababu kidokezo kizuri hakina neno la kujaza nafasi.

Hapo ndipo ninapoona tofauti na programu moja ya simu niliyokuwa nimeilipia kabla. Ilikuwa na saa ya kuhesabu muda, nyota na orodha ya washindi. Ukishindwa, ilikupa neno ikakupeleka fumbo linalofuata, na sababu ya neno hilo ulibaki kuibahatisha. Kwa fumbo la kawaida sawa, mji mkuu wa Ufaransa hauhitaji kuelezwa. Kwa kriptiki huo ni upungufu mkubwa, maana raha yote iko kwenye sababu. Niliacha kuilipia.

Ugumu kwa mtu ambaye Kiingereza si lugha yake ya kwanza upo, na hauko pale wengi wanapodhani. Msamiati mgumu si tatizo kubwa. Kamusi ipo, na wafumbuzi wengi wa Uingereza huweka ile ya Chambers karibu, kwa kuwa ina maneno ya kale na ya nadra ambayo watunzi wanayapenda. Kazi iko kwenye vifupisho na mazoea ya maisha ya Waingereza. Ukiona baharia, huenda anayetakiwa ni AB, kifupi cha cheo cha mabaharia. Askari wa uhandisi ni RE. Bata anaweza kuwa herufi O, kwa sababu kwenye kriketi mpigaji asiyepata mkimbio hata mmoja husemwa amepata bata, yaani sifuri. Hakuna akili ya kuzaliwa itakayokupa hayo. Unayaweka kwenye daftari kidogo kidogo, na baada ya muda unaona yanajirudia.

Kuna pia ujanja wa sauti na maana. Neno "flower" kila mtu analijua kuwa ni ua, lakini kwa mtunzi linaweza kuwa kitu kinachotiririka, yaani mto, na jibu likawa jina la mto fulani wa Uingereza. Na kuna kidokezo cha zamani ambacho wachezaji hupenda kumwonyesha mgeni: "HIJKLMNO (5)". Hakuna hata neno moja. Ni herufi kuanzia H hadi O, na kwa Kiingereza "H to O" hutamkwa sawasawa na alama ya kikemia ya maji. Jibu ni WATER. Kimekaa kikamilifu, na mtu akikuelezea unataka umweleze mwingine papo hapo.

Uungwana huu wa kufuata kanuni kati ya mtunzi na mfumbuzi haukuwepo tangu mwanzo. Fumbo la maneno lenyewe lilianza New York mwaka 1913, Arthur Wynne alipolichapisha katika gazeti la New York World. Uingereza ndiyo iliyoligeuza kuwa kriptiki. Mtunzi aliyejiita Torquemada alianza kwenye gazeti la The Observer mwaka 1926, na mafumbo yake yalikuwa makali kama jina lake, la mkuu wa mahakama ya kidini ya Hispania. Kanuni za haki zilikuja baadaye. Mwaka 1949 mtunzi aliyejiita Afrit aliziweka katika sentensi moja: si lazima nimaanishe ninachosema, lakini lazima niseme ninachomaanisha. Ximenes, mtunzi wa The Observer baada ya Torquemada, akazitilia mkazo, na Azed, aliyemrithi mwaka 1972, akaendelea nazo. Jina Azed lenyewe ni kidokezo: lisome kutoka kulia, upate Deza, mkuu mwingine wa mahakama hiyohiyo.

Wala kanuni hizo hazikuukausha mchezo. Januari 2013 mtunzi mpendwa wa The Guardian, Araucaria, alitumia fumbo lake kuwaarifu wasomaji kwamba ana saratani. Walijaza miraba, wakasoma habari ya ugonjwa wake kwenye majibu. Alifariki Novemba mwaka huohuo, akiwa na miaka 92. Nikisikia mtu akisema haya ni maneno ya kupotezea wakati tu, humsimulia habari hiyo.

Nani ajaribu? Mwalimu wa lugha, mfasiri, mhariri, na yeyote aliyekua akipenda vitendawili, maana atasema "tega", ila hapa hakuna atakayemwambia ampe mji. Mji anaujenga mwenyewe kwa herufi. Asiyependa kukaa na sentensi moja dakika nyingi asijilazimishe. Aanzaye asichukue fumbo la kila siku la 15 kwa 15. Achukue Quick Cryptic, akizimaliza kwa maelezo kamili ahamie Quiptic, ambayo gazeti hilohilo limeiandaa kwa wanaoanza, na huko hatatajiwa tena aina za vidokezo. Afanye na mwenzake akiweza. Mmoja anapata jibu, mwingine anadai sababu, na hakuna kuandika kwenye gridi mpaka sababu itolewe.