Paro na Aibo: Faraja ya Aina Mbili

Paro, roboti ya Kijapani yenye umbo la mtoto wa sili (mnyama wa baharini mwenye manyoya), na Aibo, mbwa-roboti wa kampuni ya Sony aliyeanza kuuzwa mwaka 1999, zote huamsha hisia za binadamu, lakini kwa njia tofauti. Paro haitembei; hungoja kupakatwa, na vihisi vilivyo chini ya manyoya yake vinapotambua mkono unaoipapasa, hufumba macho na kutoa sauti ya kudeka, jambo linalomfaa sana mzee aliyepoteza kumbukumbu, ambaye huenda maneno yamemtoka lakini mikono yake bado inajua kubembeleza. Aibo humfuata mmiliki wake, na toleo lililoanza kuuzwa mwaka 2018 hutambua nyuso kwa kamera, hivyo mazoea hujengeka siku hadi siku. Uchungu wa kumpoteza nao ni mkubwa zaidi: Sony iliposimamisha matengenezo ya matoleo ya awali mwaka 2014, baadhi ya wamiliki nchini Japani waliwafanyia mbwa hao ibada za mazishi hekaluni. Kwa mgonjwa ningechagua Paro bila kusita. Kwa mpweke mwenye kumbukumbu nzuri ningechagua Aibo, mradi aelezwe mapema kwamba uhai wa mwenzake unategemea vipuri na uamuzi wa kampuni.