Kanuni za Kuazima: Zipi Zimekaa Mezani, Zipi Tumezirudisha kwa Wenyewe

Karibuni, ndugu watazamaji. Leo hakuna kisanduku kipya cha kufungua. Ninachokichambua ni kanuni ambazo kundi letu limeziazima kutoka michezo mingine ya kuigiza wahusika na kuzitia ndani ya Dungeons & Dragons, toleo la tano, lile la mwaka 2014 ambalo bado ndilo tunalolicheza. Nitawaonyesha ipi imetukaa vizuri, ipi imebidi ikatwe na kushonwa upya, na ipi tumeirudisha kwa wenyewe.

Mwendeshaji yeyote wa mchezo, yule anayesimulia na kuigiza maadui, anaijua hali hii: unasoma kitabu cha mchezo mwingine, kanuni moja inakuvutia, na kikao kinachofuata unaileta mezani kama ilivyo. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri maungo, na kwa upande wa kanuni nimeuona ukweli wa maneno hayo kwa macho yangu. Kanuni hushonwa kwa kipimo cha mchezo wake. Huko kwao ina ndugu zake, yaani kanuni nyingine zinazoitegemeza bila kutajwa, na ukiichukua peke yake ukawaacha ndugu hao nyuma, unajikuta umebeba nusu ya kitu.

Tuanze na hii hapa. Naisogeza karibu na kamera ili muione vizuri: ni dadu ya kawaida ya pande 6, ila kubwa kuliko zote tulizonazo, na nyekundu ili ionekane na kila aliyekaa mezani. Dadu hii hairushwi. Inatoka katika mchezo uitwao 13th Age, uliobuniwa na Rob Heinsoo na Jonathan Tweet na kuchapishwa mwaka 2013, watu waliowahi kuongoza uundaji wa Dungeons & Dragons yenyewe, Tweet katika toleo la tatu na Heinsoo katika toleo la nne. Vita vinapoanza, katika raundi ya kwanza dadu haina kazi. Raundi ya pili unaiweka katikati ya meza ikionyesha 1, raundi ya tatu 2, na kuendelea hivyo hadi ifike 6 isimame hapo. Namba inayoonyeshwa huongezwa kwenye kila shambulio la wahusika wa wachezaji, ilhali mazimwi, isipokuwa machache yenye hadhi ya pekee, hayapati kitu.

Faida yake ni mbili, na zote ni kubwa. Kwanza, inamfanya mchezaji aweke akiba silaha yake kali badala ya kuimaliza mara tu vita vinapoanza, kwa kuwa anajua akingoja kidogo atakuwa na uhakika zaidi wa kupiga. Pili, inakata ile mikia mirefu ya vita ambayo kila mtu anajua nani atashinda lakini dadu zinaendelea kukataa.

Sasa sikilizeni kilichotokea tulipoileta kwetu kama ilivyo. Wahusika wetu walikuwa ngazi ya 5, wakipambana na lile zimwi linalojiponya majeraha: kinga yake 15, yaani jumla ambayo shambulio lazima liifikie ili lilipige, uhai wake 84, na kila zamu yake hujirudishia uhai 10 isipokuwa likiwa limeunguzwa kwa moto au tindikali. Askari wetu ana nyongeza ya 7 katika kushambulia, kwa hiyo anahitaji dadu ya pande 20 imletee 8 au zaidi, nafasi ya asilimia 65. Hapo mchezo una ladha, kwa sababu anaweza kukosa. Dadu nyekundu ilipofika 3, nafasi yake ilipanda hadi asilimia 80. Ilipofika 6 ilikuwa asilimia 95, na kurusha dadu kukabaki kuwa desturi tu. Katika toleo la tano, kinga za maadui zimebanwa makusudi zisipande sana hata wahusika wanapokua, hivyo nyongeza ya 6 ni mzigo ambao mizani yake haikutengenezwa kuubeba. Katika 13th Age kinga za maadui hupanda pamoja na ngazi zao, na dadu hiyo imo ndani ya hesabu tangu mwanzo.

Lakini kasoro iliyonigusa zaidi haikuwa ya hesabu. Mchezaji wetu anayeigiza mchawi alikaa raundi tatu nzima akiitazama dadu ile, kisha akauliza kwa upole, "Kaka, na mimi hii inanisaidia nini?" Sikuwa na jibu. Katika 13th Age, anayetumia uchawi hushambulia kwa kurusha dadu yeye mwenyewe, sawa na mwenye upanga. Kwetu, uchawi mwingi mkubwa, kama ule wa kurusha mpira wa moto, humtaka adui ndiye arushe dadu ili ajinusuru. Kwa hiyo dadu nyekundu iliwanyanyua wenye panga na pinde, ikamwacha mchawi palepale alipokuwa, na mimi ndiye niliyeileta bila kufikiria nani hatakula katika sahani hiyo.

Tuliishona upya. Sasa dadu inaanza raundi ya tatu na kuishia 3, na namba yake huongezwa pia kwenye kiwango ambacho adui lazima akifikie ili ajinusuru na uchawi wa wahusika. Kwa kipimo hicho imekaa vizuri, na vita vyetu havipitilizi tena mpaka watu wanatazama saa. Naipendekeza, ila kwa masharti hayo, na msiitumie katika vita vidogo vya raundi mbili, maana haitawahi hata kuguswa.

Kanuni ya pili ni ya matumizi ya vitu, na hii nina mapenzi nayo ya pekee. Inatoka katika The Black Hack, mchezo wa David Black wa mwaka 2016, kijitabu chembamba chenye mawazo mengi. Badala ya kuhesabu mishale mmoja mmoja, podo lako hupewa dadu. Ukishatumia, unairusha, ikija 1 au 2, dadu inashuka daraja: ya pande 20 inakuwa ya pande 12, kisha 10, kisha 8, kisha 6, kisha 4, na ya pande 4 ikileta 1 au 2, umeishiwa. Hofu yake ni ya kweli, kwa sababu hujui mshale wa mwisho ni upi.

Nilikaa na kalamu nikafanya hesabu kabla ya kuileta, na ninawaomba nanyi mfanye hivyo kwa kila kanuni mnayoitamani. Dadu ya pande 4 hudumu wastani wa marusho 2. Ya pande 6, ukiunganisha na madaraja yaliyo chini yake, 5. Ya pande 8 hufika 9, ya pande 10 hufika 14, na ya pande 12 hufika 20 kamili. Sasa, katika Dungeons & Dragons mishale huuzwa 20 kwa sarafu moja ya dhahabu. Kwa hiyo, mkirusha kila baada ya mshale, dadu ya pande 12 ni podo lilelile la dukani, bila alama hata moja ya kalamu. Sisi hatutaki kusimamisha vita kila mshale unapotoka, tunarusha mara moja vita vinapokwisha. Basi podo letu ni dadu ya pande 6, inayodumu kiasi cha vita vitano. Mkiweka ya pande 12 huku mkirusha baada ya vita, mishale itadumu kama vita ishirini na kanuni itakuwa pambo.

Kanuni hii haikumwacha ndugu yeyote nyuma. Haigusi kushambulia, haigusi kinga, haigusi ngazi. Inasimama pembeni na kufanya kazi yake, na ndiyo maana naiweka juu ya zote kwa mtu anayeazima kwa mara ya kwanza.

Ya tatu ni saa za vipande, kutoka Blades in the Dark ya John Harper, mwaka 2017. Unachora duara kwenye karatasi, unaligawa vipande 4, 6 au 8 kulingana na ugumu wa jambo, na kila tukio linapolisogeza jambo hilo unajaza kipande. Duara likijaa, jambo limetimia, liwe la heri au la shari. Karatasi hii ninayowaonyesha ni ya kikao chetu kimoja: wahusika walikuwa wanaingia ghala la bandarini usiku, na nilichora duara la vipande 6 nikaandika juu yake "Walinzi wameamka". Mwone wino ulivyokolea kwenye kipande cha tano. Hapo mwizi wetu alikuwa ameshika kitasa cha chumba cha ndani, mezani hakuna aliyekuwa anaongea, na mwenzake akamwambia kwa sauti ya chini, kana kwamba walinzi wangemsikia, "Dada, tuondoke, limebaki moja." Hazina waliyoifuata ilikuwa nyuma ya mlango huo. Waliondoka.

Katika miaka yote ya kuendesha mchezo huu, sijawahi kupata mashaka kama yale kwa kuwaambia wachezaji tu kwamba walinzi wako karibu. Kabla ya hapo, jaribio moja la kunyata likishindwa, hatari yote ilikuwa imeangukia meza kwa mkupuo. Duara linaigawa hatari hiyo ikaonekana, ikahesabika, na mchezaji akapewa nafasi ya kuamua mwenyewe.

Kuna kitu kimoja cha kukishona. Katika Blades in the Dark, ukubwa wa athari ya tendo huamua idadi ya vipande: kimoja kwa athari hafifu, viwili kwa ya kawaida, vitatu kwa kubwa. Dungeons & Dragons haina kipimo hicho cha athari. Sisi tumeamua hivi: mhusika akifikia kiwango kinachotakiwa, anajaza kipande kimoja, akikivuka kwa 5 au zaidi, viwili. Kwa maduara ya hatari, kama duara la walinzi, kila anayeshindwa hujaza kimoja, na akishindwa kwa 5 au zaidi, viwili. Mkiikosa hatua hii mtakuwa mnajaza vipande kwa hisia za mwendeshaji, na wachezaji wataliona hilo haraka sana. Jambo la kufurahisha ni kwamba kanuni za msingi za Blades in the Dark zinapatikana bure kwa leseni huria, hivyo mnaweza kuzisoma wenyewe kabla ya kununua kitabu.

Kuhusu kufaulu kwa gharama, nitapita upesi. Wazo hili lilienezwa na Apocalypse World ya mwaka 2010, ya D. Vincent Baker na Meguey Baker: unarusha dadu mbili za pande 6, ukipata kati ya 7 na 9 unafaulu lakini kuna kitu unalipa. Bila nyongeza yoyote, nafasi ya kuangukia hapo ni 15 kati ya 36, karibu asilimia 42, kwa hiyo mchezo mzima unaendeshwa na gharama hizo. Kwetu, kitabu cha mwendeshaji cha mwaka 2014 chenyewe kinatoa hiari ya kumruhusu aliyekosa kwa 1 au 2 afaulu kwa gharama, lakini kwenye dadu ya pande 20 hizo ni namba mbili tu, asilimia 10. Ni kiungo cha kuonjesha, na si chakula chenyewe. Tuliwahi kuipanua hadi namba nane ili ifanane na kwao, nikajikuta natunga gharama mpya kila dakika chache mpaka zikaanza kufanana. Tumerudi kwenye zile mbili.

Iliyobaki ndiyo niliyoitaka kwa moyo wote, na ndiyo iliyonisikitisha. Shadowdark ya Kelsey Dionne, mwaka 2023, ina kanuni kwamba mwenge ukiwashwa unawaka saa moja ya kweli, saa hii ya ukutani. Mkibishana mlango gani mfungue, mwenge unaisha. Nilinunua mishumaa, nikazima taa ya chumba, nikaweka kipima muda mezani. Dakika ishirini zilipopita mchezaji wa kabila la vijeba akasema yeye haoni tatizo, kwa kuwa macho yake yanaona gizani. Mchezaji wa kabila la elfi, wale wa masikio yaliyochongoka, naye akasema hivyohivyo. Mchawi akagusa fimbo yake ikawaka, kwa uchawi mdogo usiomgharimu chochote na unaoweza kurudiwa siku nzima.

Katika kitabu cha wachezaji cha mwaka 2014, makabila sita kati ya tisa yanaona gizani. Katika Shadowdark hakuna mhusika wa mchezaji anayeona gizani, kabila lolote liwalo. Uwezo huo ni wa mazimwi. Hao ndio ndugu wa mwenge niliowaacha nyuma. Ili niulete kwetu ingebidi niwanyang'anye wachezaji macho ya wahusika wao na taa ya mchawi, vitu walivyovichagua tangu mwanzo kwa haki yao, na sikuona ni sawa kumvua mtu mhusika wake ili kanuni yangu ipate pa kukaa.

Basi tukiutaka mwenge ule, tunaicheza Shadowdark yenyewe, jioni moja kila mwezi, kwa wahusika wapya na kwa mishumaa ileile. Kipima muda kiko hapa pembeni yangu. Katika kikao kilichopita kililia tukiwa chini kabisa ya ngazi za mawe, mwenge wa akiba ukiwa kwa mtu aliyebaki juu.