Darktable na lenzi yangu ya 18-55: uzoefu wangu

Napiga picha za majengo na harusi hapa Lubumbashi, na lenzi ninayoitegemea ni ile 18-55 inayouzwa pamoja na kamera. Kwenye milimita 18, inapoona upana zaidi, inapindisha mistari iliyonyooka. Liweke lile bomba refu la moshi la Gécamines, kampuni ya madini, pembeni mwa picha, linatoka na kitambi. Maharusi hawajali, ila mwenye nyumba anayetaka kupangisha huuliza mara moja ukuta wake umefanya nini.

Ndiyo maana natumia darktable, programu ya kuhariri picha kwenye kompyuta. Ni ya bure, ukishaiweka haikudai intaneti, na ina menyu za Kifaransa, jambo ambalo kwetu Kongo si dogo. Vipimo vya lenzi inavitoa Lensfun, hazina inayojazwa na wapiga picha wenyewe: mtu anapiga jengo lenye mistari iliyonyooka, anapima lenzi yake inapotosha kiasi gani, anatuma matokeo. Programu inasoma ndani ya faili umetumia lenzi gani, milimita ngapi na uwazi gani wa tundu la mwanga, kisha inanyoosha mistari na kuangaza pembe zenye giza. Inaondoa pia ile michirizi ya rangi kwenye kingo za paa, inayotokea kwa sababu lenzi haitoi nyekundu, kijani na buluu kwa ukubwa uleule. Kama lenzi yako ni ya zamani, isiyozungumza na kamera, utaichagua kwa mkono kwenye orodha.

Kwa majengo nimeridhika kabisa. (Jengo linaloonekana kuanguka nyuma kwa kuwa uliinua kamera si kosa la lenzi, hilo lina moduli yake, yaani sehemu nyingine ya programu.)

Harusini mambo ni mengine. Kunyoosha maana yake ni kuvuta pembe, na mashangazi waliosimama mwisho wa mstari wananenepa. Nani atamweleza shangazi habari za lenzi? Kwenye picha za kundi naacha marekebisho ya giza na rangi tu, ule mnyoosho nauzima. Ukumbini usiku hata kuangaza pembe napunguza, maana chenga, vile vidoadoa vya picha za gizani, nazo zinapanda. Na pembe iliyotoka na ukungu haitakuwa kali kwa programu hii.

Ukipiga jengo, acha nafasi pembeni: programu ikishanyoosha, inakata kingo.