Puto la tumboni kwa anayeogopa kisu: tathmini ya huduma, Dar es Salaam

Wengi wanaokwenda kuulizia puto la kupunguza uzito hapa Dar hawakwenda kwa ajili ya puto. Walikwenda na swali la upasuaji ambalo limewakaa kooni miezi, wakaambiwa kuna njia isiyo na kisu wala nyuzi, ya dakika 20 hadi 30, na mara nyingi unarudi nyumbani siku hiyohiyo. Mtu anashusha pumzi, anaulizia bei. Hapo hofu imeshamchagulia tiba, na kilo zake, sukari yake na presha yake havijaulizwa chochote.

Kwa hiyo hukumu tunaitanguliza. Puto la miezi 6 ni huduma nzuri kwa mtu mwenye BMI (kipimo cha uzito kwa urefu) ya kati ya 30 na 40 ambaye yuko tayari kubadili sahani yake. Kwa aliyevuka 40, au mwenye BMI ya 35 na kisukari kinachomsumbua, ni kodi ya pango: unalipa, unakaa, muda ukiisha unatoka, na nyumba bado huna.

Tuanze na chenyewe kinachouzwa. Ni mfuko laini wa silikoni unaopitishwa mdomoni ukiwa umekunjwa. Daktari anaangalia kwa kamera ya endoskopia, mgonjwa akiwa kwenye usingizi mwepesi au nusu kaputi, kisha anaujaza maji ya chumvi, yaleyale ya dripu, kati ya mililita 400 na 700. Likishajaa, puto linakuwa kama balungi ndani ya mfuko wa chakula. Linashika nafasi na kuchelewesha chakula kushuka, ndiyo maana unashiba mapema. Mengi huchanganywa na rangi ya bluu makusudi. Siku ukikojoa mkojo wa bluu au kijani, puto limevuja, na unakwenda hospitali siku hiyohiyo, usisubiri Jumatatu. Lililosinyaa linaweza kushuka likaziba utumbo, na hapo kisu ulichokikimbia kinakufuata. Uliza kama lako lina rangi, maana si yote yanayo.

Lipo pia la kumeza kama kidonge kikubwa chenye mrija. Hilo hujazwa mililita 550, hujifungua lenyewe baada ya wiki 16 hivi na kutoka na haja kubwa. Halihitaji kamera, lakini pia linakupa muda mfupi zaidi, na mengi tutakayosema hapa chini kuhusu chakula yanalihusu vilevile.

Sasa hesabu, na mtu aifanye mwenyewe kabla ya kufanyiwa na mwingine. BMI ni kilo zako, ugawe kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Mwenye mita 1.60 na kilo 95 anapata 37. Puto, likienda vizuri, hupunguza wastani wa asilimia 10 ya uzito wote. Huyu atashuka hadi kama kilo 85 na nusu, BMI 33. Magoti yatapumua, presha inaweza kushuka, nguo zitabadilika. Mchukue sasa mwenye urefu uleule na kilo 120. BMI yake ni 47. Puto likifanya kazi yake yote atabaki na kilo 108, BMI 42, yaani bado yuko pale ambapo daktari angemshauri upasuaji. Upasuaji wa kukata mfuko wa chakula, ule wanaouita slivu, hupunguza kiasi cha asilimia 25 hadi 30 ndani ya mwaka mmoja au miwili. Huyo wa kilo 120 angefika kati ya 84 na 90. Hesabu hii ya mistari minne ndiyo huduma nzuri inapaswa kukuandikia kwenye karatasi siku ya kwanza. Ukikuta mtu wa mapokezi ndiye anayekuchagulia, na bado hujapandishwa kwenye mizani, toka taratibu.

Kabla ya kuwekewa, daktari makini atakuuliza kama umewahi kupasuliwa tumbo la juu, kama una vidonda vya tumbo, ngiri kubwa ya kwenye kiwambo (msuli unaotenga kifua na tumbo), ini bovu, au unatumia dawa za kuzuia damu kuganda. Yoyote kati ya hayo yanaweza kukufungia mlango. Mjamzito haingii kabisa. Atapima bakteria wa vidonda, H. pylori, na kuwatibu kwanza wakiwepo. Kama unachoma sindano za kupunguza uzito za jamii ya semaglutide, sema, hata kama ulizipata kwa njia za panya. Zinachelewesha chakula kutoka tumboni, na mtu wa usingizi anahitaji kujua ili usije ukapaliwa na matapishi kitandani. Mwenye kisukari anayetumia insulini au glibenclamide apangiwe dozi mpya siku hiyohiyo. Utakuwa unakula robo ya ulichozoea, na dawa ya jana juu ya sahani ya leo itakuangusha kwa sukari kushuka.

Siku 3 za kwanza ndizo zinazofichwa kwenye maelezo ya mauzo, na ndizo zinazowafanya wachache waombe puto litolewe mapema. Tumbo linaliona puto kama chakula kisichosagika, kwa hiyo linakaza, linasukuma, linatapika. Kichefuchefu na msokoto ni kawaida kwa siku 3 hadi 7. Huduma inayojua kazi yake inakupa dawa za kuzuia kutapika (ondansetron ndiyo ya kawaida), ya kulegeza msokoto, na omeprazole au ndugu yake ya kupunguza tindikali, ambayo utaimeza kila siku kwa miezi yote 6. Ukiiacha, puto linakaa kwenye tindikali na kusugua ukuta wa tumbo, na vidonda vinaanza. Kwa sababu hiyohiyo sahau diklopa, diklofenaki na ibuprofen. Ukiumwa kichwa, panadol.

Kunywa maji ni kazi yenyewe. Funda dogo la mililita 20 hadi 30, kila dakika 10 au 15, ukilenga lita moja na nusu kwa siku. Ukibugia glasi nzima inarudi yote. Kwa joto la Dar la Desemba hadi Machi, aliyetapika siku mbili huku anatoka jasho anaweza kukaukiwa kabla hajajijua: mkojo wa rangi ya chai ya rangi, kizunguzungu ukisimama, mdomo mkavu. Akishindwa kabisa kuweka maji kwa saa 12, ni dripu, si ushauri wa simu. Wanaofunga Ramadhani wapange tarehe mbali na mwezi huo, kwa sababu funda kila dakika 10 na saumu havikai pamoja.

Wiki ya kwanza ni vimiminika tu: supu iliyochujwa, maziwa yasiyo na mafuta, uji mwepesi usio na sukari. Ya pili, vilivyopondwa: mtori, mtindi, yai laini, samaki aliyechambuliwa. Ya tatu unarudi kwenye sahani ya kawaida ila ndogo, na protini inatangulia. Nyama choma kavu, chapati na wali mkavu hukwama; tafuna hadi kilainike, kisha kaa nusu saa kabla ya kunywa. Puto lina kasoro moja kubwa ambayo haisemwi vya kutosha: halizuii vya kunywa. Soda, juisi ya miwa, chai ya maziwa yenye vijiko vitatu vya sukari, vyote vinapita kando yake kama maji mtaroni. Aliyekuwa ananenepa kwa soda ataendelea kunenepa kwa soda, puto likiwa ndani.

Wanawake wanaomeza vidonge vya uzazi wa mpango wahamie kijiti, sindano au kitanzi kabla, kwa kuwa kidonge kilichotapikwa hakikukingi, na uzito ukipungua mimba hushika kwa wepesi kuliko awali.

Turudi kwenye hofu, maana ndiyo iliyomleta mteja. Hofu ya kufia mezani inastahili namba halisi: katika vituo vyenye uzoefu, vifo vya upasuaji wa kupunguza uzito ni karibu mtu 1 kwa kila 1,000, kiwango kinachokaribiana na cha kutoa mfuko wa nyongo. Puto nalo si sifuri. Mwaka 2017 FDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Marekani, iliwatahadharisha madaktari juu ya vifo vilivyoripotiwa kwa wagonjwa wenye maputo ya maji, na juu ya maputo kujijaza kupita kiasi na kongosho kuvimba. Ni nadra, ila anayekuambia "hakuna hatari yoyote" hajasoma, au amesoma akanyamaza.

Hofu ya kutorudi nyuma ni ya kweli zaidi, na haipaswi kufutwa kwa maneno matamu. Slivu huondoa asilimia 75 hadi 80 ya mfuko wa chakula, na kilichotolewa hakirudi. Kiungulia kinaweza kuanza au kuzidi, ndiyo maana mwenye kiungulia kikali mara nyingi huelekezwa kwenye baipasi, upasuaji unaofanya chakula kiruke sehemu ya tumbo na utumbo. Vitamini B12, chuma, kalisi na vitamini D ni za maisha, damu inapimwa kila mwaka, mimba inasubiri miezi 12 hadi 18. Mstari wa pini zinazofunga mfuko uliobaki unaweza kuvuja kwa kama mgonjwa 1 kati ya 100, hasa wiki za mwanzo. Homa, moyo kwenda mbio zaidi ya mara 120 kwa dakika, au maumivu yanayopanda bega la kushoto: hospitali, saa hiyo. Miongozo ya kimataifa ya 2022 inapendekeza upasuaji kuanzia BMI 35 hata bila ugonjwa mwingine, na kuanzia 30 kwa mwenye kisukari cha aina ya pili. Wengi bado wanatajiwa vigezo vya 1991, vya 40, au 35 mwenye magonjwa, wanaondoka wakidhani hawafai.

Ipo na hofu ya tatu, ambayo kwenye fomu haina kisanduku: maneno ya mtaa. Mtu akipungua kilo 30 kwa haraka Dar, kuna watakaosema ana ngoma. Puto linapunguza polepole na halina kovu, kwa hiyo kwa hilo linashinda. Mshauri mzuri anaiuliza hofu hii waziwazi, kwa sababu anayeificha ndiye anayeacha kurudi kliniki akikutana na jirani kwenye foleni.

Ambapo puto linamfaa kweli mwenye wasiwasi ni kama mazoezi. Miezi 6 ya sahani ndogo, kutafuna, kutokunywa na chakula, kukataa kujaziwa sahani kwenye shughuli za watu: hayo ndiyo maisha ya baada ya slivu, ila hapa mlango wa kutokea upo. Aliyeyaweza anakwenda kwa daktari wa upasuaji akiwa mwepesi na ini limepungua, jambo linalorahisisha kazi. Aliyeyashindwa amejua kitu kuhusu yeye mwenyewe kabla ya pini ya kwanza. Basi mwambie daktari tangu mwanzo kwamba unalichukua kwa nia hiyo, akupangie na siku ya kuamua, mwezi wa 5.

Mwezi wa 5, si wa 7, kwa sababu puto lina tarehe ya mwisho. Likipita miezi 6 (yapo ya 12, angalia kadi yako), uwezekano wa kuvuja unapanda. Kulitoa ni endoskopia nyingine, na hapa bei huwaumiza watu: wapo wanaolipia kuweka, wakafika siku ya kutoa wakakuta ankara mpya. Bei iandikwe ikiwa na mambo yake yote: kifaa, usingizi, dawa za wiki ya kwanza, dripu ukirudi, vikao vya mtaalamu wa lishe angalau mara moja kwa mwezi, na kutoa, pamoja na kutoa kwa dharura. Kuhusu bima, omba jibu la maandishi kabla. "Tutaangalia" si jibu. Kabla ya kutolewa utakula laini kisha vimiminika siku 2 au 3, halafu usiku mzima bila kitu, kwa sababu puto huweka mabaki ya chakula tumboni na mtu mwenye chakula hapaswi kulazwa usingizi.

Hospitali ya Muhimbili Mloganzila imekuwa ikiweka maputo kwa miaka kadhaa sasa, na Profesa Mohamed Janabi, alipokuwa mkurugenzi wa Muhimbili, aliifanya mada ya kula na uzito izungumzwe hadi kwenye daladala. Faida ya hospitali kubwa ni kwamba daktari wa upasuaji, wa usingizi na chumba cha wagonjwa mahututi viko chini ya paa moja. Kero ni umbali. Mloganzila iko Kibamba, na mkazi wa Kigamboni au Mbagala anayetapika siku ya pili hapaswi kupanga safari hiyo kwa bodaboda. Siku 3 za kwanza lala kwa ndugu wa upande ule, au mjue hospitali ya karibu yenye endoskopia na uwapelekee nakala ya kadi ya puto mapema: aina, mililita, tarehe ya kuwekwa, tarehe ya kutoa.

Na kabla ya kulipa, ichukue namba ya dharura waliyokupa uipige saa 4 usiku siku ya Jumamosi. Ikiita hadi ikakata, hela ibaki mfukoni.