Unga wa muhogo wa Darajani: unafaa kwa farofa ya wakwe wa Kibrazili?

Kama umeoa au umeolewa na Mbrazili, na mwaka huu wakwe wanakuja Unguja kula Krismasi, ujue mapema kuwa kitakachoulizwa ni farofa. Bata mzinga akikosekana, kuku atashika nafasi yake. Panetone, ule mkate mtamu wenye zabibu, ukikosekana watasikitika kidogo na yatapita. Farofa isipokuwepo, kwao meza bado haijaandikwa. Ni unga wa muhogo uliokaangwa kwa siagi ukabaki punje punje, hunyunyizwa juu ya wali na nyama. Na kwa kuwa muhogo kwetu umejaa tele, mtu hudhani kazi ni nyepesi: nenda Darajani, nunua kilo mbili za unga, basi. Hapo ndipo farofa inapoharibika.

Unga unaouzwa sokoni ni wa makopa, yaani muhogo uliomenywa, ukaanikwa mpaka ukakauka, ukasagwa laini. Kwa ugali ni mzuri sana, unashikana na unavutika. Lakini sifa hiyo hiyo ndiyo inayouangusha kwenye farofa, maana wanga wake bado mbichi. Ukiutia kwenye siagi ya moto yenye vitunguu, unanyonya maji ya vitunguu, unavimba, na punde una bonge linalong'ang'ania mwiko. Ukikwepa maji, unapata vumbi la kukaba koo. Unga wa Kibrazili haukupita njia hiyo: muhogo hukunwa ukiwa mbichi, hukamuliwa, kisha hukaangwa huku ukigeuzwa mfululizo, hivyo wanga huivia ndani ya punje. Siagi ikimwagwa, punje inapata mafuta na inabaki punje.

Kwa ugali tunaupa nyota tano. Kwa farofa, nyota moja, na muuzaji hana kosa lolote.

Kinachostahili pesa yako ni muhogo mbichi, uliochimbwa siku hiyo. Vunja ncha: ndani uwe mweupe pepe, uvunjike kwa mlio. Ukiona mistari ya buluu au nyeusi, huo umeshalala siku mbili tatu, uache. Uliza pia kama ni mtamu. Brazil unga mwingi hutengenezwa kwa muhogo mchungu wenye sumu nyingi, ila wao wamezoea kuukamua na kuukaanga mpaka sumu itoke. Jikoni kwako usijaribu.

Kilo mbili zilizomenywa hutoa kama nusu kilo ya unga mkavu. Toa mzizi wa katikati, kisha kuna kwa kikwaruzo cha matundu madogo. Ukamue kwa kitambaa cha pamba au kifumbu cha tui. (Wenyeji wa Amazoni hutumia tipiti, mfuko mrefu wa kusukwa unaovutwa mpaka ubane. Mama mkwe akikiona kifumbu ataelewa mara moja ni cha nini.) Usikamue mara moja ukaridhika. Kamua, vuruga, kamua tena, kisha weka chini ya jiwe zito kwa saa mbili. Kipimo ni hiki: ukifinyanga donge kiganjani linashikana, ukiligusa kwa kidole linasambaratika. Likiwa bado tepetepe, kwenye moto litageuka chapati.

Yale maji usimwage papo hapo. Yaache yatulie saa moja, mwaga ya juu mbali na kuku na mbuzi, na chini utakuta wanga mweupe. Uoshe kwa maji safi, uanike. Huo ndio polvilho, na kwa huo wakwe watakupikia mikate yao midogo ya jibini.

Unga uliokamuliwa upitishe kwenye chekeche la matundu makubwa, kisha ukaange kwenye sufuria pana, moto mdogo, tabaka lisizidi nusu kidole. Geuza bila kuacha kwa dakika 25 hadi 30. Haraka ndiyo kosa kubwa hapa: moto mkali unababua nje, ndani unabaki unyevu, na kwa joto la Desemba kesho yake unanuka. Umeiva pale mvuke unapokatika na punje zinapokwaruza sufuria kwa mlio wa mchanga mkavu. Uache upoe kabisa ndipo uutie kwenye chupa yenye kifuniko.

Farofa yenyewe ni ya dakika 15. Vikombe viwili vya unga huo, vijiko vikubwa vinne vya siagi, kitunguu kimoja, mayai mawili, zabibu kavu na korosho zilizokatwakatwa. Kaanga kitunguu mpaka maji yake yaishe, vuruga mayai, punguza moto, ndipo unga uingie ukiunyunyiza kwa mkono. Chumvi mwisho. Usifunike kwa kawa, mvuke ukirudi juu yake kazi yote imepotea.

Korosho hizo, na huo muhogo wenyewe, asili yake ni huko huko kwao. Wareno ndio walioleta. Hata jina kanju limetoka kwenye *caju* yao, kwa hiyo wakwe wakilisikia sokoni watageuka.

Vitu vingine Darajani havisumbui. Mdalasini ni wa hapa hapa, na kwa rabanada, mkate wao mtamu wa kukaanga, boflo la jana ndilo zuri: slesi nene za sentimita mbili, chovya kwenye maziwa matamu, kisha yai, kaanga, vingirisha kwenye sukari na mdalasini. Boflo la leo huvunjikia kwenye maziwa. Nguruwe wa kuoka ni kawaida katika meza zao za Krismasi. Kama nyumba yenu ni ya Kiislamu, mwenza wako awaambie wazazi wake kabla hawajapanda ndege, si siku ya kupika. Mguu wa mbuzi uliolala kwenye vitunguu saumu na ndimu unaijaza nafasi hiyo vizuri.

Chakula chenyewe huliwa usiku wa tarehe 24, karibu na saa sita, kwa hiyo watoto walale mchana. Wakwe Wakatoliki watapenda kwenda misa kwanza. Kanisa la Minara Miwili, pale Mji Mkongwe, liko karibu, ulizia saa mapema. Na waliobaki kwao watapigiwa simu wakifika saa sita ya kwao: saa za Brasília ziko nyuma yetu kwa saa sita, kwa hiyo simu ni saa kumi na mbili alfajiri. Bakiza farofa ya chai hiyo.