Kidhibiti joto cha friji la mtindi: kinaandika 43, maziwa yako 35

Nagandisha mtindi nyumbani, Mwanakwerekwe, Unguja, nauza kwa majirani na maduka mawili ya mtaani. Mtambo wenyewe ni friji bovu lililoisha gesi. Ndani nimefunga globu ya zamani ya wati 100 (hizi za kisasa hazitoi joto la maana), na nje kuna kidhibiti joto cha bei rahisi, vile vya namba nyekundu vyenye waya mweusi wa sensa (ncha ya kupimia joto). Nimekitegea nyuzi 43. Joto likishuka kidogo globu inawaka, likirudi inazima. Miaka miwili sikuwa na neno nacho, na mablanketi ya kufunikia sufuria nikayarudisha kitandani.

Kumi la mwisho la Ramadhani nina oda ya lita 20, naamka daku nakuta maziwa mepesi kama tui la mwisho. Kidhibiti kimetulia, 43. Nikailaumu mbegu ya mtindi. Usiku wa pili mbegu mpya, maziwa mapya, yaleyale. Ndipo nikatumbukiza kipima joto cha kioo: 35. Kwa joto hilo mbegu ya mtindi inasinzia tu.

Kwenye mipangilio yake kuna sehemu ya kusahihisha usomaji, F4. Nikatoa nyuzi 8, nikajiona fundi. Kilichoniokoa ni gilasi ya barafu. Barafu ikielea kwenye maji, ukikoroga, lazima upate sifuri au hapo karibu. Nikaizamisha sensa humo, chombo kikasoma 12! Maana yake bila yale marekebisho yangu kingesoma 20. Sasa kosa gani hili, kwenye maziwa linazidi kwa 8, kwenye barafu kwa 20? Halirekebishiki kwa kutoa namba moja.

Nikakibeba hadi kwa fundi wa redio Darajani. Hata kukifungua hakukifungua. Alichomoa sensa, akaipima kwa mita.

"Bi mkubwa, huu waya unapita wapi?"

"Mlangoni, mwanangu. Kwenye raba."

Akacheka. Sensa hizi upinzani wake kwa umeme ni kiloomu 10 (omu 10,000) kwenye nyuzi 25, na hupungua joto likipanda. Kwa joto la kibandani kwake, nyuzi 30 hivi, ilitakiwa isome kama kiloomu 8. Yangu ilisoma chini ya 6, na akiukunja waya namba zinarukaruka. Mlango ulikuwa umelisaga ganda la waya, mvuke wa maziwa na hewa yetu ya chumvi vikaingia, umeme ukapata kichochoro kati ya nyaya mbili. Upinzani ukashuka, chombo kikaamini maziwa yamepata moto, kikazima globu. Yaani kilikuwa kizima, kinaletewa habari za uongo.

Akakata kipande kibovu, akaunga kwa risasi, akavisha mpira wa kubana kwa moto, shilingi 5,000. Waya umekuwa mfupi kwa shubiri moja, lakini ufupi huo hauharibu usomaji. F4 nikairudisha sifuri, na barafu sasa inasoma 0.4.

Ningekinunua tena? Ndiyo, kwa bei ile hata viwili. Ila waya wake mwembamba mno kwa kazi ya unyevu, na kibaya zaidi, ukichomoka kabisa kinaandika EE na globu inazima, unajua kuna tatizo. Ukiharibika nusu hakisemi kitu, kinakutazama na 43 yake. Maelezo kwenye boksi yalikuwa Kichina na Kiingereza cha kubahatisha, hayo nimesamehe.

Waya nimeupitisha kwenye tundu la nyuma lililokuwa likitoa maji ya friji, nikaziba kwa silikoni. Kila Ijumaa gilasi ya barafu. Wale wa oda ya lita 20 niliwarudishia pesa zao, na maziwa tukayapikia uji wa futari siku tatu mfululizo, mpaka watoto wakagoma.